Kutu Niliyoikataa

Nilimwita mtu mwizi mbele ya watu, na hakuwa mwizi. Nilisema alilichukua gari langu bila ruhusa, akaligonga, kisha akalirudisha na kunyamaza. Hakulichukua wala hakuligonga. Aliyeligonga ni mimi, tena wiki kadhaa kabla gari halijafika mikononi mwake, na siku niliyomshtaki ushahidi wote ulikuwa mbele yangu kama ningekubali kuinama. Naandika haya kwa sababu maneno niliyoyatamka Kashikishi yalisafiri pamoja na magunia ya samaki hadi mahali pengi ambako siwezi kufika kote kwa miguu yangu kuyafuta.

Mimi ni Mtanzania niliyefuata samaki. Nchelenge na Kashikishi zimegusana kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na mji wa Kilwa. Usiku wavuvi huingia ziwani na taa kuwavua chisense, dagaa wadogo wa ziwa hili, na asubuhi mchanga wote wa ufukoni hugeuka uwanja wa kuanikia. Wakishakauka hujazwa kwenye magunia, nasi wafanyabiashara huyapeleka kwenye miji ya migodi ya Ukanda wa Shaba. Njia yangu hupita Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe, hufuata bonde la mto Luapula hadi Mwense na Mansa, kisha Chembe. Pale kuna daraja la Levy Mwanawasa, lililofunguliwa mwaka 2008, na ukilivuka umeingia Kongo. Kipande hicho cha nchi ya Kongo kilichojichomeka ndani ya Zambia tunakiita Pedicle. Ni kama kilomita 70 tu, unatokea Mokambo, na Mufulira iko hapo jirani. Anayekiogopa huzunguka kwa Samfya na Serenje, mamia ya kilomita zaidi, na faida ya chisense haihimili mzunguko huo.

Kuna jambo moja kuhusu Pedicle ambalo nililijua vizuri na bado sikulikumbuka lilipohitajika. Zambia tunaendesha kushoto, kama nyumbani Tanzania. Kongo wanaendesha kulia. Ukishavuka daraja unahama upande, lakini usukani wako unabaki pale pale kulia, kwa hiyo dereva anakuwa amekaa pembezoni kabisa mwa barabara. Magurudumu ya kulia, ambayo Zambia hukaa katikati ya njia penye usalama, huku ndiyo yanayokanyaga kingo zilizobomoka, mawe na visiki.

Mwishoni mwa Novemba nilipita huko na mzigo wa mwisho wa msimu. Uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na Mweru ni moja ya maji yanayofungwa, kwa hiyo siku zile kila mtu ufukoni hukimbizana na tarehe. Niliipakia Hiace kupita uwezo wake. Magunia ya samaki wakavu ni mepesi, na wepesi huo ndio humdanganya mtu akaongeza mengine juu yake, na mengine tena, mpaka springi za nyuma zikalala. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kuichimba barabara. Lori lilitokea mbele, nikajibana pembeni kulipisha, na chini ya miguu yangu kukatoka kishindo, kisha mkwaruzo mrefu. Niliukaza usukani nikapita. Mbele kidogo nilisimama, nikalizunguka gari, nikayapiga matairi teke, nikaona yana upepo, nikapanda. Sikuinama. Nilikuwa nawahi soko la Kitwe, na ukweli wenyewe ni kwamba sikutaka kuona kitu ambacho kingenigharimu siku nzima.

Kisha nikasahau. Hilo la kusahau nalisema kwa dhati, maana nimejiuliza mara nyingi kama nilidanganya. Sikudanganya. Lakini mtu husahau upesi zaidi jambo ambalo hakulitazama.

Ziwa likifungwa, Kashikishi hupoa. Wenye mitumbwi hushona nyavu, wenye injini za boti huzishusha zikatengenezwe, na sisi wenye magari huyapeleka kwa mafundi. Mimi nilimchagua fundi mmoja kutoka ng'ambo kwa sababu ya lugha. Kibemba changu kinatosha kununulia samaki, hakitoshi kuelezea mlio wa breki. Yeye alizungumza Kiswahili cha Katanga, akaniita yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao, nami nikajisikia niko nyumbani. Alivushwa Zambia na wazazi wake wakati wa vita, akiwa mtoto, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Kala, upande wa Kawambwa, ile iliyofungwa mwaka 2010. Watu wa namna yake ni wengi mwambao huu. Oktoba 2004, jeshi la Kongo lilipoingia Kilwa kuuzima uasi mdogo, watu zaidi ya 70 waliuawa na maelfu wakakimbia, wengine kwa mitumbwi. Tangu 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Mtu aliyekuja hivyo huishi kwa jina lake kuliko mwenyeji. Hana mjomba chifu, hana shamba la ukoo la kurudi likitokea la kutokea. Ana spana zake na sifa ambayo watu wanampa. Hayo nilikuwa nayajua wakati nafungua kinywa.

Nilimwachia gari atengeneze breki na abadilishe oili. Sikuandika kilomita. Sikulizunguka gari pamoja naye. Nilimpa ufunguo na nusu ya malipo nikaondoka.

Alifanya kazi aliyoagizwa, na akaongeza moja ambayo sikumwagiza. Chini ya gari kulikuwa na tabaka nene la oili kuukuu lililochanganyika na vumbi la safari nyingi, gumu kama lami. Akalala chini na brashi na mafuta ya taa, akaliosha lote, ili aone mabomba ya breki yanapopita. Alifanya hivyo kwa sababu ni fundi mzuri. Na usafi huo ndio uliomponza.

Asubuhi iliyofuata nilikuta doa la oili mbichi mchangani, mahali gari lilipolala. Nikachungulia. Ukingo wa chini wa bodi, chini ya mlango wa dereva, ulikuwa umeingia ndani, na rangi imechubuka. Nikatazama zaidi, nikaona sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, limebonyea kwenye kona, na oili inachuruzika pale. Vitu hivyo sikuwahi kuviona. Akili yangu ikakata shauri papo hapo: sikuviona kabla ya gereji, nimeviona baada ya gereji, basi vimetoka gereji. Nilijua pia, kama kila mtu ajuavyo, kwamba wako mafundi wanaotembelea magari ya wateja. Kabla ya kunywa chai nilikuwa nimeshamaliza kesi yote kichwani: amelichukua, ameenda nalo barabara ya Chiengi kubeba mizigo ya watu, ameligonga.

Nililiwasha nikaenda kwake. Ilikuwa saa ambayo watu wamejaa, maana uwanja wake uko njiani kuelekea sokoni. Nikaanza kwa Kiswahili, ili kila neno limwingie. Nilipoona anajibu kwa utulivu, nikahamia Kibemba, ili kila anayepita aelewe. Nilimwita kabwalala, mwizi. Nilisema watu wa ng'ambo ndivyo walivyo. Neno hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mimi mwenyewe ni mgeni katika nchi hiyo, na siku ile nililisema nikiwa nimesimama upande wa wenyeji kana kwamba nimezaliwa Kashikishi.

Alikuwa na kibao ukutani kilichosema magari yanaachwa kwa hasara ya mwenyewe. Nikakigeuza silaha. Nikamwambia Zambia ina Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2010, kwamba sheria hiyo inakataza mwenye duka kubandika tangazo la kukwepa wajibu wake, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi. Katika hayo sikukosea hata moja. Kibao kile hakikuwa halali. Lakini sheria ile haikusema nani amelibonyeza gari langu, nami nilizungumza kana kwamba imesema.

Yeye alijibu kitu kimoja. "Yaya, inama uone. Hii kutu si ya leo."

Niliinama kidogo, kwa ajili ya watu tu. Na niliiona. Hapa ndipo maungamo haya yanapolala. Kutu ilikuwapo, ya kahawia, imeshakula chuma palipochubuka rangi. Jeraha la jana lingekuwa na chuma kinachong'aa. Nilisimama nikasema hewa ya ziwa hutia kutu usiku mmoja. Nililisema kwa sauti kubwa, na huku nalisema nilijua ni hoja dhaifu. Nimeishi kando ya Mweru vya kutosha kujua msumari unachukua muda gani kubadilika rangi. Mama mmoja muuza samaki akaniambia, "Batata, msikilize kwanza." Nikamjibu kwamba mambo ya magari hayajui. Nikakataa kulipa nusu iliyobaki. Nikaondoka, na njiani kila niliyemsalimia nilimpa habari.

Sikuona haja ya kulirudia jambo hilo tena, lilijirudia lenyewe. Wenye injini za boti walizoea kumpelekea yule kijana kazi wakati wa ziwa kufungwa, ndiyo miezi yake ya kuvuna. Wakaacha. Ziwa lilipofunguliwa mwezi Machi na magari yakaanza tena kwenda kusini, wafanyabiashara wenzangu walilibeba hadi Mansa, Mufulira na Kitwe: yule Mkongo wa Kashikishi, usimwachie gari.

Kitwe ndiko nilikoelezwa ukweli. Nilikuwa nikisafiri na kopo la oili nyuma ya kiti, naongeza kila nikisimama, mpaka nikaona nimpelekee mchomeleaji gari. Mzee huyo hakujua habari yoyote ya Kashikishi, wala sikumsimulia. Alilala chini na tochi akakaa sana. Alipotoka aliniuliza, kama mtu anayeuliza njia, ni lini nilipiga jiwe.

Bado namtupia fundi lawama, nikamwambia si jiwe, ni jeki yake. Akanishika mkono akanilaza naye chini. Jeki, alisema, inakaa mahali pamoja na kusukuma kwenda juu. Ikikosea inaacha bonde fupi lenye umbo la kichwa chake. Hili lako ni refu. Limeanzia mbele, likaburuzwa kwenda nyuma, na limegusa kona ya sampo katika safari hiyo hiyo. Gari lilikuwa linatembea. Kisha akachukua bisibisi akachokonoa mkunjo wa bati, juu kabisa, ambako brashi ya mafuta ya taa haikufika. Lilidondoka bonge la udongo mwekundu, gumu, lina changarawe ndani yake. Uwanja wa yule kijana ni mchanga wa ziwa. Upande ulioumia ni wa kulia. Nilibaki nimelala pale nikiisikia tena ile barabara, lile lori, kile kishindo.

Nikamuuliza swali la mwisho nililokuwa nalo la kujitetea: mbona oili haikuvuja muda wote huo, ikaanza siku niliyolitoa gereji? Alijibu kwamba ufa ni mwembamba kama unywele, na ule uchafu mgumu wa oili na vumbi ulikuwa umeuziba. Aliyeuosha aliufungua. Oili mpya ni nyepesi kuliko ile kuukuu, ikapata njia. Akasema aliyeosha pale alinisaidia, kwani uchafu ule ungebanduka siku yoyote, pengine usiku katikati ya pori, na injini ingekauka oili bila mimi kujua.

Ningependa kuandika kwamba niligeuza gari siku ile ile. Sikufanya hivyo. Niliuza mzigo, nikarudi Nchelenge, na kwa muda mrefu nikawa napita njia ya nyuma ili nisipite uwanjani kwake. Nilijipa maneno ya kunituliza: msimu umefunguliwa, kazi zitamrudia, watu husahau, nikienda sasa nitamfufulia aibu. Maneno yote hayo yalikuwa ya kuniokoa mimi. Kosa la kwanza nililifanya kwa hasira, na hasira ina udhuru wake mdogo. Hili la pili nililifanya nikiwa nimetulia, nimeshiba, najua ukweli wote. Nikipima makosa yangu mawili, la pili ni zito zaidi, na bahati mbaya ndilo ambalo hakuna aliyeliona.

Nilipokwenda hatimaye, uwanja ulikuwa na mtu mwingine. Yeye nilimkuta kwenye gereji ya mbali kidogo, anafanya kazi chini ya fundi ambaye hamfikii kwa ujuzi, anashikishwa spana kama mwanafunzi. Nilimwita pembeni. Nilikuwa na pesa mkononi: ile nusu niliyomnyima na nyingine juu yake. Nilimweleza yote, Pedicle, lori, udongo mwekundu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Hakuniita yaya tena. Aliniita mukwai, kwa heshima ile ile ambayo mtu humpa asiyemjua.

Alichukua pesa, akaihesabu, akatoa nusu ya malipo yake, iliyobaki akanirudishia. Akasema, "Ulinisemea mbele za watu. Hapa tuko wawili."

Kwa hiyo nilikwenda ufukoni asubuhi, boti zikiwa zinaingia, wanawake wanagombea mabeseni na wachukuzi wako katikati ya kazi. Naye alikuja, akasimama kando. Nilisema kwa Kibemba, kwa sentensi fupi kwa sababu sina ndefu: huyu nilimwita mwizi, si mwizi, gari nililigonga mimi mwenyewe njiani, nilikosea, naomba msamaha kwake na kwenu niliowapa uongo. Yule mama aliyeniambia nisikilize kwanza alikuwapo. Hakusema kitu. Alinitazama, akaendelea kupanga samaki wake.

Wengine waliamini. Wengine hawakuamini, na sababu yao sikuitegemea: walidhani tumepatana kwa pesa, kwamba amenilipa gari nami nimemsafisha jina. Niliposema uongo, hakuna aliyeniuliza ushahidi. Niliposema kweli, niliulizwa na wengi. Ilinibidi niwachukue baadhi yao hadi kwenye gari, niwalaze chini, niwaonyeshe mahali mkwaruzo ulipoanzia na ulipoishia, kama mzee wa Kitwe alivyonionyesha mimi. Wenye injini za boti wawili au watatu wakarudi kwake. Uwanja wake haujarudi, na kodi ya uwanja mwingine anaikusanya polepole. Niliomba niichangie, akakataa.

Gari langu amekubali kulitengeneza, kwa sharti lake. Kabla hajaligusa tunalizunguka pamoja, na yeye huniamuru nilale chini. Ana daftari. Anaandika kilomita, anaandika kila bonde na kila mkwaruzo na upande wake, ananipa nisaini, na mimi nasaini. Sasa anawafanyia hivyo wateja wote. Baadhi hukasirika, wakisema anawashuku. Huwaambia waniulize mimi.

Kusini kazi haijaisha. Kila nikipeleka mzigo nawatafuta niliowasimulia, na mara nyingi nakuta waliosikia kwangu wameshawaambia wengine nisiowajua. Mansa nimemaliza. Kitwe nimewafikia wengi. Mufulira kuna mwenye duka la jumla ambaye amekuwa akiwaonya madereva wa Luapula kila msimu ukifunguliwa. Nilimweleza, akacheka, akasema nina moyo mwepesi, na sijui kama amenyamaza. Nitapita tena kwake na mzigo ujao, na safari hiyo fundi mwenyewe ameniambia nichukue lile daftari nimwonyeshe.